Stesheni ya Kigoma Si Mali ya Mjerumani

Msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwa treni ya Reli ya Kati hufika Kigoma baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Hapo reli imekwisha. Kilichobaki ni bandari, ziwa, na jengo kubwa jeupe la ghorofa lenye matao, lililosimama pale inapoanza barabara kuu ya mji inayopanda kwenda Mwanga. Wakazi wa mji wamelizoea kiasi kwamba wengi hulitaja tu kama mahali pa kukatia tiketi. Mgeni ndiye huuliza ilikuwaje mji mdogo wa mwisho wa reli ukapewa stesheni kubwa kiasi kile.

Swali la mgeni ni la haki. Njia ya reli ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, na wakati huo mji wenyewe ulikuwa mchanga. Mji mkubwa wa pwani ile ya ziwa ulikuwa Ujiji, kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa tangu karne ya 19. Kwa mahitaji ya abiria na mizigo ya siku zile, kibanda kizuri cha mabati kingetosha. Lakini ng'ambo ya maji ilikuwa Kongo ya Wabelgiji, na upande wa kusini Waingereza walikuwa wamekalia pwani yao. Katika biashara kuna jumba ambalo mwenye mali hulijenga makusudi kwa ajili ya maonyesho. Bidhaa huwekwa ndani, milango hufunguliwa, wapitao waone na waamini kwamba mwenye duka ni mtu wa uwezo. Stesheni ya Kigoma ilikuwa jumba la namna hiyo, na bidhaa iliyowekwa mbele ya macho ya watu ilikuwa utawala wenyewe.

Maonyesho hayo hayakudumu. Vita Kuu ya Kwanza ilianza Julai 1914. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwa reli hiyo hiyo, iliteremshwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakakimbia, na Wabelgiji wakaingia Kigoma. Hivyo yule aliyelijenga jengo lile kwa fahari alilitumia kwa muda usiotimia miaka miwili na nusu. Meli ilikuja kuopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Stesheni haikuhitaji kuopolewa. Iliendelea kusimama na kupokea watu.

Hesabu hii ya miaka ina maana yake. Wako wananchi, tena wasomi, wanaosema kwamba nchi iliyopigania Uhuru haina sababu ya kutumia fedha kutunza mabaki ya mkoloni. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa kwa kejeli. Lakini je, ni mali ya nani jengo ambalo Mjerumani alilitumia miaka miwili na kitu, na ambalo tangu mwaka 1961 limekuwa chini ya bendera ya taifa huru kwa zaidi ya miaka sitini? Na hata hiyo miaka ya mwanzo, nani alichimba udongo, akalaza mataruma na kubeba mawe? Ujenzi wa reli ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule vilipozuka Vita vya Maji Maji. Ulifika Tabora mwaka 1912. Katika kazi hiyo Wanyamwezi walikuwa nguvu kubwa, na reli ilifuata kwa sehemu kubwa njia ambayo baba zao walikuwa wakiipita na mizigo kichwani. Makampuni yaliyopewa kandarasi yameandikwa vitabuni kwa majina. Majina ya waliobeba mataruma hayakuandikwa. Kazi yao ndiyo iliyobaki, na kuibomoa ni kuwafuta mara ya pili.

Tena Kigoma ina ushahidi mwingine ambao haupatikani katika miji mingi. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Tanganyika haikuulizwa. Ilipokaribia Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitamka bayana kwamba nchi huru haitafungwa na mapatano ya namna hiyo. Mwalimu wa historia anayefundisha somo la ukoloni na mikataba yake anaweza kuzungumza kutwa nzima darasani. Akiwasimamisha wanafunzi kati ya stesheni na bandari, akawaonyesha mwisho wa reli na mwanzo wa maji, watafahamu kwa nusu saa kwa nini mataifa mawili ya Ulaya yaligawana gati katika nchi ya watu wengine.

Ujiji wenyewe umepata sehemu yake ya heshima. Pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 pana mnara na makumbusho, na mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu miongoni mwa mahali inapokusudia kupendekeza kwa UNESCO. Ni jambo jema. Hata hivyo, inashangaza kidogo kwamba salamu za wageni wawili chini ya mwembe zijulikane duniani kote, na jengo ambalo maelfu kwa maelfu ya wananchi wamepita wakienda kutafuta kazi, shule, matibabu na jamaa zao lionekane kuwa stesheni tu.

Chanzo kimojawapo cha mtazamo huo kimo ndani ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyatambua majengo kwa umri, na tarehe yake inaangukia karne ya 19. Jengo la baadaye halilindwi na umri wake. Linahitaji tangazo la Waziri. Utaratibu huo ulifaa wakati magofu ya Kilwa ndiyo yaliyokuwa hatarini. Leo unaziacha nje kazi za karne nzima ya 20, na hasara haiwi kwa majengo ya wakoloni peke yake. Soko la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo katika Afrika Mashariki, na kufunguliwa mwaka 1975, ni la zege, la mtindo mpya kabisa kwa wakati wake, na paa lake la miavuli mikubwa ni fikra ya Mtanzania kuhusu soko la Kiafrika. Kwa kalenda ya sheria hiyo, soko lile ni kitoto. Julai 2021 lilishika moto, na taifa zima likashtuka kana kwamba limeunguliwa na nyumba ya urithi. Hisia za wananchi zilikuwa zimeitangulia sheria.

Kwa Kigoma jambo hili sasa lina haraka yake. Desemba 2022 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Hakuna mwananchi wa mkoa huo asiyeitamani. Reli mpya itakuja na stesheni yake, na popote itakapowekwa, stesheni ya zamani itajikuta katika hatari inayoyakabili majengo yote yaliyostaafishwa. Huanza kwa kufungwa chumba kimoja, popo wakahamia darini, mabati yakavuja, kisha siku moja mhandisi akaandika kwamba jengo ni hatari kwa maisha ya watu. Wakati huo anakuwa anasema kweli.

Dawa si kuligeuza jengo lote kuwa makumbusho ya kutazamwa na watalii wachache. Jengo lisilo na kazi huoza. Shirika la Reli Tanzania, Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji na Idara ya Mambo ya Kale hazina budi kukaa meza moja mapema, kabla ramani za stesheni mpya hazijawa kuta, na kukubaliana ni kazi gani itakayobaki mle. Ofisi za reli na za safari za ziwani zinaweza kuendelea hapo. Chumba kimoja kinatosha kuhifadhi daftari za treni, picha, tiketi na vifaa vya zamani, ambavyo vikiachwa bila mwenyewe huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tangazo la Waziri nalo lihusu jengo pamoja na uwanja wake na njia inayolifikisha bandarini, kwa sababu stesheni iliyotengwa na ziwa haielezi chochote.

Kuna na suala la fundi, ambalo maofisa husahau mara kwa mara. Kuta za zamani za mawe na chokaa hupumua; zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huanza kumomonyoka chini ya rangi mpya. Majengo mengi ya kale nchini yameharibiwa na ukarabati wa nia njema wa aina hiyo, pamoja na madirisha ya mbao yaliyong'olewa kupisha ya aluminiamu. Kwa hiyo masharti ya zabuni ya stesheni ya Kigoma yaandikwe na mtu anayeujua ukuta, na mafundi vijana wa mkoani wachukuliwe kujifunza kazi ya chokaa pale pale, wakiwa wanalipwa.