Kalamu ya Mwamuzi ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).



Wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa wanaposhindanishwa kwa vipindi vya redio walivyovitengeneza wenyewe, hutafutwa waamuzi: walimu, watangazaji na watu wanaoheshimika katika jamii, wakiwemo masheikh na maimamu. Rai yetu ni kwamba Muislamu anayealikwa asikatae, kwani elimu ya watoto ni jambo la kheri. Lakini akikubali, na ajue kwamba amekalia kiti cha hakimu.

Wapo wanaosema kuwa haya ni mambo ya watoto, na redio ni ya kupitisha wakati tu. Hatukubaliani nao. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na maradhi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yalirushwa redioni. Chombo chenye nguvu kiasi hicho, mtoto anapofundishwa kukitumia, hafundishwi mchezo.

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wenyewe na tuhukumu kwa uadilifu baina ya watu. Alama za mtoto ni amana hiyo hiyo. Naye Mtume (s.a.w.) alikataza hakimu asihukumu akiwa na hasira. Wanachuoni wakaongeza njaa, usingizi na kila kinachoishughulisha akili. Basi mwamuzi anayesikiliza kipindi cha ishirini akiwa amechoka, huku akitazama saa, na apumzike kwanza.

Yako mambo manne tunayoyasisitiza.

Kwanza, vipindi vipewe namba, na majina ya watoto, shule na wilaya yafichwe. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi ilipogawanywa mwaka 1995. Undugu upo, lakini ushindani nao upo, na moyo wa binadamu huegemea kwao.

Pili, lafudhi isimpunguzie mtoto alama. Mtoto aliyelelewa kwa Kimwera, Kimakonde au Kiyao anaweza kuchanganya "r" na "l". Tunalopaswa kuuliza ni kama msikilizaji ameelewa. Vile vile, mkwaruzo wa kinasa sauti duni cha shule ya kijijini si kosa la mtoto.

Tatu, kazi iwe ya mtoto mwenyewe. Pakiwa na shaka kwamba mwalimu au mzazi ndiye aliyeandika, mtoto aitwe aeleze kwa maneno yake alimhoji nani, na kwa nini alichagua jambo lile. Kumpa tuzo kwa kazi ya mtu mzima ni kumfundisha udanganyifu, naye atakwenda nao hadi kwenye chumba cha mtihani.

Nne, ukweli usiadhibiwe. Watoto husema wanayoyaona: kangomba inayomnyonya mkulima wa korosho, utoro wakati wa mavuno ya ufuta, msichana anayeacha shule baada ya unyago. Huenda mwamuzi akaona mtoto amevuka adabu kuwagusa wazee. Ikiwa amesema kweli kwa heshima, apewe haki yake, hata kama waliokosolewa ni sisi.

Tumefikia mahali penye mtihani mkubwa zaidi. Kipindi kizuri kikitoka kwa mtoto wa Kikristo, na kile cha mtoto wetu wa madrasa kikawa hafifu, Muislamu afanyeje? Suratul Maida, aya ya 8, imetukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, seuze jirani tuliyesoma naye darasa moja. Na wafasiri wengi wanaeleza kwamba aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105 ziliteremka Madina kumtakasa Myahudi aliyesingiziwa wizi, ilhali mwizi alikuwa mtu wa kundi la Waislamu na jamaa zake walitaka alindwe.

Tukumbuke pia mwaka 2012, matokeo ya Maarifa ya Uislamu ya Kidato cha Sita yalipoonekana kuwa na kasoro. Waislamu walilalamika, na Baraza la Mitihani likayarekebisha. Tulidai haki kwa kuwa mtoto kunyimwa alama yake ni dhulma. Ikiwa tuliyaamini maneno hayo kalamu ilipokuwa mikononi mwa wengine, basi tuyaamini pia ikiwa mikononi mwetu. Suratul Mutaffifin imeonya vikali wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, kisha wakapunja wanapowapimia watu.

Tunawaomba maimamu wa Nachingwea na Ruangwa walifikishe jambo hili kwa waumini, na waandaaji wa mashindano waweke vigezo wazi, vitangazwe kwa watoto kabla ya siku ya kushindana. Mtoto atakayeshindwa kwa haki atakwenda nyumbani na huzuni, lakini mwakani atarudi. Aliyeshindwa kwa upendeleo huenda asirudi tena, na ikiwa mpendelea alikuwa amevaa kofia na kanzu, atalikumbuka hilo kila asikiapo adhana.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika makubwa na madogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.