Tamko Kuhusu Walimu Walezi wa Sayansi na Hisabati katika Shule za Pembezoni

Sisi, walimu wa sayansi na hisabati wa shule za sekondari Tanzania, kupitia chama chetu cha kitaaluma:

TUKITAMBUA kwamba shule za kata zilizoanza kujengwa kwa wingi mwaka 2004, pamoja na elimu bila ada tangu 2016, zimewafikisha sekondari watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba;

TUKIZINGATIA kwamba hisabati bado ni miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, na kwamba uhaba wa walimu wa fizikia, kemia na hisabati huziumiza zaidi shule za vijijini;

TUKIJUA kwamba Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) yanawakutanisha walimu shuleni mwao, lakini mwalimu aliye peke yake katika somo lake hana wa kumwuliza kwa nini jaribio limekataa, au kwa nini darasa zima linakosea kutoa namba hasi;

TUNATAMKA kwamba majibu ya maswali hayo wanayo walimu wazoefu, wanaojua kufaragua zana pale maabara ilipo tupu na kufuatilia kosa la mwanafunzi hadi alipopotelea. Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku mbili. Hurithishwa darasani, mwalimu akimtazama mwalimu.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali:

1. Imtambue mwalimu mlezi, yaani mwalimu mzoefu anayewalea walimu wenzake kazini, katika muundo wa utumishi na kumpa posho ya madaraka, ili mwalimu mahiri asilazimike kuhamia ofisini ndipo apande cheo.

2. Impunguzie vipindi na kumlipia nauli na malazi anapozuru shule za pembezoni.

3. Imwandae kwa kazi hiyo, kwani kumfundisha mtoto na kumlea mwalimu mwenzako ni stadi mbili tofauti.

4. Itenganishe ulezi na uthibiti ubora wa shule. Mwalimu chipukizi hatafichua anachoshindwa mbele ya mtu anayemwandikia ripoti.

Nasi tunaahidi kuwahimiza wanachama wetu wazoefu wajitolee kulea wenzao, na kuwasihi wakuu wa shule wawaruhusu.

Mtoto wa pembezoni hufanya mtihani uleule wa Taifa kama mwenzake wa mjini. Ndiyo maana tunataka fungu la walimu walezi liingizwe katika bajeti ijayo ya kila halmashauri.