Msituambie nano ni ya wazungu

Wasee, wiki hii nimekasirika, na mjue mapema hii posti haina vichekesho.

Ndogo wangu ako Gredi ya 10, amechagua STEM. Jumapili tuko nyumbani hapa Kitale, chai iko kwa meza, mjomba anamuuliza anataka kusomea nini. Kijana macho yakawaka. Akasema ameona video ya watu wanaotengeneza nyuzi za kaboni nyembamba kuliko unywele, zinaota juu ya chuma kama nyasi. Hiyo ndio anataka. Mjomba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hizo ni mambo za wazungu. Sisi hapa ni mahindi. Soma kitu ya maana." Meza nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na hiyo ndio imeninyima usingizi.

Sasa mjomba, kwa heshima, nisikize.

Tuanze na jiko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, usiku ni baridi, na sote tunajua habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani, mlango umefungwa, asubuhi hawakuamka. Iliyowaua ni monoksidi ya kaboni. Chukua gesi hiyo hiyo, ipitishe juu ya unga laini wa chuma wenye joto la digrii 500 au 600 hivi, mahali hewa haingii. Molekuli mbili zinakutana pale juu ya chuma. Moja inaondoka na oksijeni yote, ikiwa kaboni dioksidi. Kaboni ya ile nyingine inaachwa pale. Na haikai tu kama masizi ya sufuria. Inazama ndani ya punje ya chuma, inapenya, inatokea upande wa pili, tabaka juu ya tabaka, na uzi unaanza kurefuka. Mara nyingi punje yenyewe inabebwa kwa ncha ya uzi, kama mtoto aliyepanda mti na mti ukaendelea kukua naye huko juu. Punje ikiwa ndogo, uzi unakuwa mwembamba. Unywele wako una unene wa kama nanomita 80,000. Uzi huu unaweza kuwa 100.

Hapo hakuna uchawi. Ni gesi yenye kaboni, joto, na chuma, nikeli au kobalti.

Na msidhani wazungu walizaliwa wakijua. Mwaka wa 1889 watu wawili, Hughes na Chambers, walipata hataza ya kutengeneza nyuzi za kaboni kwa gesi ndani ya chombo cha chuma. Warusi Radushkevich na Lukyanovich wakachapisha picha zake 1952. Mwaka wa 1972 Baker na wenzake huko Uingereza wakaonyesha jinsi zinavyokua juu ya nikeli, kwa gesi ya asetilini, ile ile mafundi wetu wa jua kali wanakatia vyuma. Lakini kwa miaka mingi watu wa viwanda walikuwa wanachukia hii kitu! Ilikuwa inapasua matofali ndani ya matanuru ya chuma na kuziba mabomba. Walikuwa wanaifukuza na fagio, kisha mtu mmoja akainama akaiangalia vizuri.

Kuinama na kuangalia ndio sisi tunakatazwa. Nikiwa Fomu 3 nilikariri kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Nikeli, ile ya kugandisha mafuta ya kupikia. Nikauliza, kama haiishi mbona viwandani inabadilishwa? Nikaambiwa hiyo haiko kwa silabasi, keti. Niliketi. Miaka imepita ndio nikajua jibu lilikuwa sentensi moja: kaboni ikifunika uso wote wa nikeli, gesi haiifikii tena, kazi imeisha. Salfa pia inaiua. Mwalimu angesema hivyo tu, nani ajuaye ningekuwa wapi leo. Pengine bado ningekuwa hapa nikipiga kelele kwa simu, lakini na hasira kidogo.

Turudi kwa mahindi, mjomba, kwa sababu wewe ndiye umeyaleta. Magunzi unayochoma nyuma ya stoo, ukiyapasha moto bila hewa yanatoa gesi zenye kaboni, na hiyo monoksidi ikiwemo. Kinyesi cha ng'ombe wako kinatoa methani. Gramu 16 za methani zikivunjwa kabisa juu ya nikeli yenye joto la kutosha zinakupa gramu 12 za kaboni na gramu 4 za hidrojeni, na hakuna moshi hapo katikati. Shida ya gesi ya kinyesi ni ile harufu ya yai bovu, ndiyo salfa, lakini hiyo inachujwa kwa kuipitisha kwenye vumbi la chuma lenye kutu. Kutu, Kitale! Bungoma nao wana makapi ya miwa. Kobalti? Zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na hata Kilembe hapo Uganda walishawahi kutumia bakteria kuitoa kwenye lundo la taka za mgodi. Mawe ni ya kwetu, halafu jina la nano ni la wazungu. Aje?

Sisemi kiwanda kitafunguliwa kesho hapo stendi. Kuotesha hizi nyuzi si ghali sana, kuziona ndio ghali. Hadubini ya shule haiwezi, kwa sababu mwanga wenyewe una mawimbi ya nanomita 400 kwenda juu, uzi wa 100 unapotelea humo. Unahitaji hadubini ya elektroni, na hiyo ni pesa ya kaunti. Na wewe unayesoma hii, usijaribu kwa sufuria jikoni. Monoksidi inaua kimya, asetilini inalipuka, na vumbi la nyuzi hizi si la kuvuta kwa mapafu.

Lakini kati ya hadubini ya elektroni na shule ya ndogo wangu, ambapo wanafunzi hamsini wanamtazama mwalimu akiwasha bana moja, kuna nafasi kubwa sana. Mumewaambia watoto waende STEM. Wameenda. Sasa wakifika wanapewa daftari na kicheko?

Jana ndogo alienda kwa fundi wa mageti akaomba vumbi la msumeno wa chuma. Amerudi nalo kwa pakiti ya unga, anazunguka nalo nyumba nzima na sumaku. Mjomba, tunaomba gunia moja la magunzi. Usicheke kwanza.