Marehemu Ana Wenyewe

Inaniuma kuwasikia vijana wetu wakimtaja Adnan Syed kana kwamba walisoma naye, ilhali jina la Hae Min Lee linawababaisha. Huyo ndiye aliyeuawa! Alikuwa binti wa miaka 18, mwanafunzi wa sekondari huko Baltimore, Marekani. Alitoweka Januari 1999, maiti yake ikapatikana mwezi uliofuata. Mwaka 2000 Adnan, aliyewahi kuwa mpenzi wake, akahukumiwa kifungo cha maisha. Dunia ilimjua mwaka 2014, Sarah Koenig alipoisimulia kesi hiyo kwa sehemu 12 katika podikasti ya Serial.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bibi yule ni hodari. Alipekua majalada, akaendesha gari kupima kama muda waliodai waendesha mashtaka ulitosha kwa mauaji hayo, akamtafuta shahidi aliyesema alimwona Adnan maktaba saa hiyohiyo, ambaye mahakamani hakuitwa. Tena alikiri waziwazi kwamba hana hakika. Laiti waandishi wetu wangekuwa na bidii hiyo, wafungwa wangapi wangepata mtetezi!

Lakini kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali waliingia kwanza, wakajaa ukumbi mzima. Jamaa wa Hae hawakushiriki, kipindi kikaendelea. Watu waliingoja sehemu mpya kama wangojavyo mpira, na tangazo la biashara likapenyezwa humohumo. Wengine wakajipa upelelezi, wakawatuhumu mitandaoni watu walio hai. Mwaka 2022 hukumu ilipofutwa, nduguye Hae aliiambia mahakama kuwa kwake hiyo si podikasti bali ni maisha. Hukumu ikarudishwa 2023. Mwaka 2025 jaji akaamua Adnan asirudi gerezani, ingawa hatia imebaki. Kila mara, kidonda cha wafiwa kimetoneshwa. Mkuki kwa nguruwe!

Na sisi je? Ajali ikitokea barabarani, simu hutangulia machela. Mama hajapewa taarifa, picha ya mwanawe imeshafika kundi la WhatsApp la michango ya harusi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha; dini zetu zote zimeamuru maiti isitiriwe, nasi tunaisambaza! Ifuteni, msiitume mbele.

Nanyi vijana mnaoanzisha podikasti za mauaji, vipaji mnavyo na sauti mnazo. Kabla ya kurekodi, kabisheni hodi kwa wafiwa. Wakisema hawataki, tafuteni kesi nyingine.