Si Kila Kiraka Kichwani ni Mapunye

Kinyozi alizima mashine, akakigeuza kiti kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akamwinamisha mtoto kichwa. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na duara lisilo na unywele hata mmoja, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. "Kaka, huyu ana mapunye," akaniambia. "Mashine yangu siwezi kuipitisha hapa." Kwenye benchi mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Mpwa wangu, miaka tisa, shule inafunguliwa Jumatatu, akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Kauli ya kinyozi yule si yake peke yake. Ipo saluni, ipo shuleni, ipo hata kwenye maduka ya dawa: kiraka kichwani ni mapunye, mapunye ni uchafu, na uchafu dawa yake ni kusugua. Nyumba ya pili watakwambia kanyolewa usiku na wachawi. Napinga yote mawili, lakini hili la mapunye nalipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu limevaa nguo za kitabibu na watu wenye akili zao wanaliamini.

Mapunye yapo, tena ni mengi kwa watoto wetu. Ni fangasi. Huacha magamba na unga mweupe, huwasha, nywele hukatikia juu ya ngozi zikabaki vidoti vyeusi, na kweli huambukizwa kwa kitana, taulo na mashine isiyosafishwa. Kinyozi ana haki ya kuyaogopa. Tiba yake ni vidonge, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, maana krimu ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina la unywele.

Sasa kitazame kiraka cha mpwa wangu. Hakina gamba wala unga. Ukikipitishia kidole ni laini kama upande wa ndani wa kiganja. Pembeni mwa duara kuna vinywele vifupi, vyembamba chini na vinene juu, mfano wa alama ya mshangao. Kwenye kucha za mkono kuna vitundu vidogo, kama mtu kazidonoa kwa ncha ya pini. Fangasi haisababishi mambo hayo. Huo ni ugonjwa unaoitwa alopesia areata: kinga ya mwili, iliyowekwa kutulinda, inageuka na kuyashambulia mashina ya nywele. Takriban watu 2 katika kila 100 hupatwa nao wakati fulani wa maisha yao. Hauambukizi. Mtoto huyu angelala mto mmoja na ndugu zake wote asingempa hata mmoja wao.

Lakini sisi tulikuwa tumeshaambiwa mapunye. Shuleni wakamrudisha nyumbani mpaka apone. Duka la dawa likatoa tyubu moja yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kwa pamoja, mchanganyiko ambao hata kwa mapunye yenyewe ni hatari, kwani steroidi inaweza kuificha fangasi huku ikizidi kusambaa. Kisha jirani, kwa mapenzi kabisa, akaja na kitunguu saumu. Kiraka cha kwanza kilisuguliwa tu. Kilipotokea cha pili, utosini, kitunguu kikapondwa, kikabandikwa, kikafungwa kwa mfuko wa nailoni na kitambaa juu yake, usiku kucha. Mtoto alilia mpaka saa nane. Akaambiwa avumilie, dawa inafanya kazi. Asubuhi kitambaa kilipofunguliwa kilitoka na ngozi.

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu nilikuwepo, na sikusema kitu.

Jambo linaloulinda uongo huu ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Mwenye viraka vichache, mara nyingi nywele zake huota zenyewe. Wapatao nusu hupona ndani ya mwaka mmoja bila dawa yoyote, kwani shina la unywele halifi, limelala tu. Basi zikiota, sifa anachukua aliyepaka mwisho: huyu mafuta ya taa, yule limau, mwingine kombe la mganga. Kila mtaa una shahidi wake aliyepona, na hasemi uongo. Amepona kweli, ila hajui kilichomponya. Mwaka 2002 hata madaktari wa Baghdad waliandika kwamba maji ya kitunguu maji yaliotesha nywele kwa wagonjwa 20 kati ya 23. Idadi hiyo ni ndogo mno, na harufu ya kitunguu haimfichi mgonjwa alichopakwa. Halafu wao walipaka maji ya kitunguu maji. Hawakumfunga mtoto kitunguu saumu kwenye nailoni.

Tiba ipo. Mtu mzima mwenye viraka vichache huchomwa sindano ndogo za triamsinoloni ndani ya kiraka chenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Mtoto huanza na steroidi kali ya kupaka, kwa uangalizi. Kwa waliopoteza nywele nyingi, Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib mwaka 2022 kwa watu wazima, na ritlecitinib mwaka 2023 kuanzia miaka 12. Ni ghali, hushusha kinga, lazima mtu apimwe kifua kikuu kwanza, na akiviacha nywele zinaweza kudondoka tena. Sitamdanganya mtu kwamba ni muujiza. Ila wa kuamua hayo ni mtu aliyesomea ngozi, na hapa kwetu wapo: pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992.

Daktari aliyemwona mpwa wangu hakutumia hata dakika kumi. Alishika lenzi, akatazama pembeni mwa duara, akaomba vidole vya mtoto, akatazama kucha.

Miezi saba baadaye nyuma ya sikio paliota vinywele vyeupe, kisha vikakolea weusi. Utosini, palipofungwa kitunguu, pamebaki kovu linalong'aa. Daktari alilibonyeza, akaniambia hapo hapataota kitu.