Jina halichimbi kobalti

Vijana wenzetu wa Kasumbalesa na Lubumbashi,

Huku kwetu, mutu wa iPhone anaitwa mukubwa. Wa Tecno wanamucheka, hata kama picha zake ziko muzuri. Sisi tunasema: huko ni kuabudu jina.

Tuangalie mambo yenyewe. Mwaka 2017 Apple ilikubali kwamba ilipunguza mwendo wa iPhone zenye batri iliyochoka, ikasema ni ili zisizimike ghafla. Kumbe batri mpya ilitosha. Tungemusamehe Tecno hivyo? Na Tecno njo ilitengeneza kamera kwa kufikiria ngozi nyeusi kama yetu. Ni ubunifu, lakini jina haliko na heshima, basi hatuuoni.

Kuna kubwa zaidi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na makamyo ya madini yanapita hapa mbele yetu kuelekea Zambia. Mwaka 2016 Amnesty International ilionyesha watoto wakifanya kazi kwenye machimbo ya kobalti, ikauliza Apple, Samsung na wengine: yenu inatoka wapi?

Na sisi tuulize. Wa iPhone aulize Apple, wa Samsung aulize Samsung, wa Tecno aulize Tecno: kobalti ilitoka shimo gani? Nani aliichimba? Alilipwa ngapi? Kampuni isiyojibu, tusiitetee bure.

Telefone ununue unayotaka. Lakini uaminifu wetu wa kwanza uwe kwa ndugu zetu walio shimoni.