Upweke wa Crooks Ni Dhambi ya Nani?

Ndugu msomaji, nimewasikia watu wakisema, tena wenye elimu zao, kwamba upweke ni maradhi ya Wazungu: wao hawana jamaa wala baraza, na sisi, Alhamdulillahi, tumesalimika. Ushahidi wao ni riwaya kama ile ya Mmarekani John Steinbeck, Of Mice and Men, iliyotoka mwaka 1937. Mimi nasema kitabu hicho hicho chawakadhibisha.

Kisa ni cha vibarua wa shamba huko California, karibu na mji wa Soledad, jina ambalo kwa Kispanyola maana yake ni upweke. (Mji huo upo kweli, mwandishi hakulizua jina.) Vibarua wale walala bweni moja, jioni wacheza karata, wacheka. Hilo si baraza? Lakini yuko Crooks, mtu mweusi pekee katika shamba lile, mgongo umepinda kwa teke la farasi. Yeye hulala bandani, katika chumba cha kuwekea hatamu, na jaa la samadi chini ya dirisha lake. Uwanjani aruhusiwa kucheza nao mchezo wa kutupa vyuma vya kwato. Karata za ndani haruhusiwi, wasema ananuka. Wenziwe ni vitabu, na kimojawapo ni cha sheria za California cha mwaka 1905. Mtu aliyenyimwa haki ahifadhi kitabu cha haki!

Wasomaji wengi humlaumu Curley, mtoto wa tajiri, mgomvi. Huyo mwacheni, ubaya wake wajulikana. Mashitaka yangu ni juu ya Candy. Mzee huyu aliyekatika mkono ndiye amsifuye Crooks mbele ya wageni kuwa ni mtu mwema. Naye amekaa naye shamba moja miaka mingi, na usiku alioingia chumbani mwake akakiri kwa kinywa chake kuwa ndiyo mara ya kwanza. Hata Slim, mwadilifu wao, huingia kwa Crooks. Lakini kumshika mkono akamkalishe mezani bwenini, hilo hakulifanya.

Utaniambia: Crooks mwenyewe mkali, hataki watu. Naam, ni mkali. Tazama usiku ule wa Jumamosi, wenye nguvu wamekwenda mjini, wamebaki mweusi, kilema, Lennie aliye punguani, na mke wa Curley, ambaye kitabu kizima hakikumpa jina. Ungedhani watahurumiana. Crooks amtesa Lennie kwa maneno, ati huenda rafiki yake George asirudi. Kisha mwanamke yule amwambia Crooks kuwa akitaka atamfanya atundikwe mtini, na Crooks anywea kama kwamba hayupo. Kutengwa hakumfundishi mtu upole. Humpa ulimi mkali, nasi tukaufanya ulimi ule kuwa sababu ya kumtenga.

Wala usiseme haya ni ya makafiri tu. Imepokewa kuwa palikuwa na mwanamke mweusi akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Akafa, nao Masahaba wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, kama kwamba jambo lake ni dogo. Alipomkosa akauliza. Akawauliza mbona hamkuniarifu, akataka aonyeshwe kaburi, akamsalia pale pale. Na hao walikuwa Masahaba, bora kuliko mimi na wewe.

Katika nyumba zetu za pwani, neno la Candy twalisema kila posa iletwapo: kijana mwema, lakini hana asili. Basi nijibu, ndugu yangu. Yule aliyepika pilau ya hitima ya baba yako alikula wapi, barazani pamoja na wageni, au huko nyuma kwenye masufuria? Jina la baba yake walijua? Na chumbani mwake umeingia mara ngapi?